Dozi ya asilimia 99: programu yajibu, jaribio halijasema

Mwaka 1947, mtakwimu Mwingereza D. J. Finney alichapisha kitabu kiitwacho Probit Analysis. Humo mna jaribio la rotenoni dhidi ya vidukari wa krisanthemamu, ambalo data yake inatumika kufundishia hadi leo. Imo hata ndani ya drc, kifurushi cha programu ya R kilichoandikwa na Christian Ritz na Jens Streibig. Nasi inatuhusu: rotenoni ni ya jamii ya sumu zilizomo kwenye utupa, mmea unaotumika Afrika Mashariki kulevya samaki.

Kwa miligramu 2.6 kwa lita, waliathirika vidukari 6 kati ya 50; kwa 3.8, 16 kati ya 48; kwa 5.1, 24 kati ya 46; kwa 7.7, 42 kati ya 49; kwa 10.2, 44 kati ya 50.

Wengi hugeuza hesabu hizi kuwa asilimia, wakapitisha mstari ulionyooka. Mstari huo utavuka 100, jambo lisilowezekana. Tena asilimia 12 ya wadudu 50 ina uzito zaidi kuliko asilimia 12 ya wachache. Ndiyo maana kwenye drm, amri ya drc ya kukadiria modeli, unaingiza jumla ya wadudu katika weights, na katika type unaandika "binomial". Ukiviacha, programu hailalamiki. Inazichukua asilimia kama vipimo vya urefu au uzani, na mipaka ya uhakika inayokupa haiaminiki.

Ukifanya sawasawa, modeli ya logistiki inasema dozi ya kuathiri nusu ya vidukari ni 4.83, na modeli ya probiti inasema 4.85. Kwa asilimia 90, zote mbili zinatoa takriban 9.8. Omba asilimia 99, zinaachana: logistiki takriban 21, probiti takriban 17. Sababu ni moja. Hakuna kidukari aliyepewa zaidi ya 10.2, kwa hiyo huko juu linaloamua ni umbo la fomula uliyoichagua.

Rotenoni huua samaki pia, na tofauti hiyo ikifika shambani inaweza kuishia mtoni. Basi mtafiti, ukitoa dozi, taja mipaka yake, modeli uliyotumia na dozi ya juu uliyoipima. Ukihitaji asilimia 99, rudi maabara uongeze dozi, usiiombe programu.