Mbachao na Msala: Je, Anayeanza Kompyuta Aiache Windows?

Wazee wetu walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka mkuukuu, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Maana ya methali hii ni nyepesi kufahamika: atupaye kikuukuu chake kwa kutamani kipya cha mpita njia, huenda akalala chini. Siku hizi methali hii yatajwa mahali ambapo wazee wale hawakupawaza, nako ni katika vyumba vya kompyuta. Kijana anayeanza kujifunza huambiwa na mmoja, "Iache Windows, uingie Linux, huko kuna uhuru." Mwingine humjibu, "Usiache mbachao." Naye kijana husimama katikati, kama mgeni aliyefika njia panda bila mwenyeji.

Nia ya insha hii ni kuyapima maneno ya pande zote mbili. Jambo lenyewe si dogo. Kompyuta ya mwanafunzi ina kazi yake, akiba ya wazazi wake na muda wake, na katika vitu hivyo vitatu hakuna kinachopatikana tena kwa urahisi kikishapotea.

Kwanza yapasa tukijue tunachokipima. Kompyuta ni chuma na waya tu mpaka ipate programu ya kuitawala. Programu hiyo huitwa mfumo endeshi. Ndio msimamizi wa nyumba: hugawa kumbukumbu, hupokea herufi kutoka kwenye kibodi, hutunza mafaili, hupeleka kurasa kwa printa, na huzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Windows na Linux ni wasimamizi wawili waliolelewa malezi mbalimbali. Windows ni mali ya Microsoft, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1975, na Windows ya kwanza ilitoka mwaka 1985. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Ufini. Kwa usahihi, Linux ni jina la kiini cha mfumo. Sehemu nyingi zinazokizunguka kiini hicho zilitokana na mradi wa GNU, ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Windows huuzwa, na maandishi ya ndani ya programu yake hufichwa. Linux hutolewa, na maandishi yake yako wazi: kila mtu ana haki ya kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kumpa jirani yake.

Sasa tuisikilize Windows, maana haki yataka mshtakiwa asikizwe. Sifa yake ya kwanza ni kwamba imezoeleka. Mwanafunzi aikutaye dukani huikuta pia shuleni, ofisini na katika duka la kupiga chapa. Ikimharibikia, fundi hakosekani mtaani. Printa yake, kamera yake na programu aliyopewa na mwalimu wake, vyote vimetengenezwa kwa kuifikiria Windows kwanza. Zaidi ya hayo, shule nyingi hufundisha kwa programu za Microsoft, na mtihani wa kompyuta una sehemu ya vitendo, ambapo mtahiniwa hupimwa kwa saa, mbele ya mashine. Mtahiniwa anayetafuta kitufe asichokijua hupoteza alama, wala msahihishaji hana namna ya kumhurumia. Haya si mambo ya kupuuzwa. Mtu akikuambia kwamba Windows haina faida yoyote, jua kwamba amekwisha kuchagua kabla ya kupima.

Lakini tuirudie methali yetu, tulitazame neno moja ndani yake. Wazee hawakusema "usiache mbacha." Walisema "usiache mbachao," yaani mbacha wako, ulio mali yako. Basi swali linalotangulia yote ni hili: Je, Windows iliyo katika kompyuta ya kijana wetu ni yake?

Hata anayeinunua kwa fedha zake hanunui programu yenyewe. Anunua leseni, nayo ni ruhusa ya kuitumia kwa masharti ya mwenyewe. Tulikumbushwa jambo hili tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilimaliza muda wa kuitunza Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku ile, bali marekebisho ya usalama ya kawaida yalikoma, isipokuwa kwa wale walioandikishwa katika mpango wa nyongeza, nao una mwisho wake. Walioelekezwa Windows 11 walikuta mlangoni masharti mapya: kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, nafasi ya gigabaiti 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kichakataji kilichomo katika orodha iliyokubaliwa. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikuyatimiza. Katika nchi yetu, ambapo shule na familia nyingi hununua kompyuta zilizokwisha kutumika, hili laumiza. Mashine ilikuwa nzima, skrini yake yang'aa, kibodi yake yaitika. Lakini mwenye mkeka alisema muda wake umekwisha.

Kuna na jambo la pili, nalo ni zito zaidi kwa mwalimu kulisema. Kompyuta nyingi huwekewa Windows ya wizi, iliyofunguliwa kwa ufunguo wa hila. Tumelizoea jambo hili hata halitushtui. Twamkataza mwanafunzi kuiba majibu ya mtihani, na huku twamfundisha kuandika kwa programu iliyoibwa. Mwizi wa programu, tena, haibi peke yake: programu ya kuvunja kufuli mara nyingi huja na virusi tumboni. Kwa mtu wa hali hii methali haina la kumtetea, kwa kuwa mbacha anaoung'ang'ania haukuwa wake tangu mwanzo.

Basi tuigeukie Linux, nayo tusiionee haya. Sifa yake kuu ni kwamba hutolewa bila bei na bila wizi. Ya pili ni kwamba hustahimili mashine kongwe. Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006 na kupendwa sana na wanaoanza, yaweza kwenda kwa kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazoshauriwa, na sura yake haimtishi mtu aliyezoea Windows. Aina nyingine, Ubuntu, ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya uongozi wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo halihitaji mkalimani kwetu. Ubuntu wa Wazulu na Waxhosa ndio utu wa Waswahili. Ni neno moja katika nyumba mbili za ukoo mmoja. Waliochagua jina hilo walikusudia kusema kwamba elimu ni kitu cha kushirikiana.

Wale wasemao kwamba Linux ni ya wataalamu peke yao yafaa watazame mifukoni mwao. Simu za Android, zilizojaa nchini kote, zimejengwa juu ya kiini cha Linux. Mama muuza mboga apokeaye malipo kwa simu ya namna hiyo hutumia Linux kila siku, wala hajaitwa mtaalamu. Na upande wa wakubwa, tangu Novemba 2017 kompyuta zote katika orodha ya TOP500, yaani kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote zilizoorodheshwa duniani, huendeshwa kwa Linux. Kitu kinachobeba mizigo ya wakubwa na wadogo hakiwezi kuitwa msala upitao. Kimekaa zaidi ya miaka 30.

Hata hivyo wapenzi wa Linux nao hupita kiasi. Husema haina virusi. Si kweli. Mwezi wa Machi mwaka 2024 iligunduliwa hila iliyopenyezwa katika XZ Utils, programu ndogo inayotumika katika mifumo mingi ya Linux. Hila ile ingeweza kumfungulia mgeni mlango wa nyuma. Aliyeigundua ni Andres Freund, baada ya kuona mashine yake inachelewa kidogo kuliko desturi. Kwa kuwa maandishi ya programu yalikuwa wazi, aliweza kufuata nyayo mpaka kwenye tundu. Nasi tupate funzo la pili humo: Freund alikuwa mwajiriwa wa Microsoft. Ugomvi tunaoukuza mitaani, wenye kazi wenyewe hawaukuzi hivyo.

Husema pia kwamba kila kitu hupatikana ndani ya Linux. Hilo nalo lina mpaka. Microsoft Office ya kuwekwa kwenye kompyuta haikutengenezewa Linux, wala Photoshop. Ipo LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, nayo huandika barua, huchora majedwali na hufungua mafaili mengi ya Word. Lakini ukurasa uliopangwa kwa Word waweza kufunguka ukiwa na mistari iliyosogea. Baadhi ya printa na vifaa vya mtandao husumbua. Faili la Linux Mint la kupakuliwa lakaribia gigabaiti 3, na anayenunua bando kwa siku ajua maana ya hesabu hiyo. Tena aina za Linux ni nyingi, na anayeanza huweza kupoteza mwezi mzima akichagua mlango badala ya kuingia nyumbani.

Nimekwisha kuona hasara ya pupa. Kijana mmoja niliyemfundisha chuoni alisikia sifa za Linux jioni, na usiku uleule akaiweka katika kompyuta yake. Alipoulizwa na programu kama diski yote ifutwe, alikubali bila kusoma. Asubuhi alikuwa na mfumo mzuri, safi, mwepesi, wala hakuwa na faili hata moja. Maazimio ya kazi na maandalio ya masomo ya mazoezi yake ya ualimu, aliyoyaandika kwa majuma matatu, yalikuwa yamekwenda. Hakulia mbele yetu, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Kosa halikuwa la Linux, wala Windows isingemwokoa. Kosa lilikuwa la kutupa kabla ya kushika.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Anayeanza asihame kwa sifa alizosikia, wala asikae kwa hofu alizotiwa. Ahame akiwa na sababu, na ahame kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza ni kubadili programu kabla ya kubadili mfumo. LibreOffice, Firefox na VLC hufanya kazi ndani ya Windows na ndani ya Linux. Azitumie ndani ya Windows kwa muhula mmoja. Siku atakapohama, atakuta vyombo vyake vimetangulia nyumba mpya.

Ngazi ya pili ni kuonja. Linux huweza kuandikwa katika flashi na kuwashwa kutoka humo, bila kugusa diski ya kompyuta. Flashi yenyewe hufutwa inapoandikwa, kwa hiyo isiwe na kitu cha thamani. Mwanafunzi aiwashe, ajaribu sauti, mtandao na printa. Kisichofanya kazi atakijua siku hiyo, kabla hajaharibu kitu.

Ngazi ya tatu ni kunakili mafaili yote mahali pengine, na kuyafungua huko ili kuhakikisha kwamba yamo. Ndipo aweke Linux: kando ya Windows ikiwa nafasi yatosha, au peke yake ikiwa Windows imekwisha muda au ilikuwa ya wizi.

Na nani angoje? Angoje mtahiniwa ambaye mtihani wake u karibu na shule yake yafundisha kwa Windows. Angoje pia mwenye kazi inayodai programu isiyopatikana katika Linux. Hawa si waoga, wamehesabu. Lakini mwenye kompyuta kongwe iliyokataliwa na Windows 11, na mwenye programu ya wizi anayetaka kuishi kwa haki bila fedha ya leseni, hao sioni kwa nini waketi juu ya mkeka uliooza wakiusifu.

Mwisho, neno kwa wanafunzi. Aliyejifunza mahali pa kitufe tu, kitufe kikihamishwa amepotea. Aliyejifunza faili ni nini, folda ni nini, na kwa nini kazi huhifadhiwa mahali pawili, huyo aweza kupewa Windows leo na Linux kesho, na baada ya juma moja akawa mwenyeji. Elimu hiyo haina leseni, wala hakuna kampuni iwezayo kutangaza siku ya kumalizika kwake. Kijana yule niliyemtaja aliandika upya maandalio yake yote, naye siku hizi hutumia Linux. Kila Ijumaa jioni hunakili kazi yake katika flashi mbili, kisha huzifungua moja moja na kusoma, kabla hajaizima mashine.