Teorema ya ndoa: nani anaanza kuomba?

Benzetu, mu agro tulimeza matematiki: integrali, matrisi, tena statistiki. Nani leo anakumbuka teorema moja pamoja na sababu yake? Miye sikuwa na hata moja, mpaka niliposoma makala ya David Gale na Lloyd Shapley ya 1962, juu ya kuingia chuo kikuu na ndoa imara. Kurasa saba tu. Integrali hakuna, wenyewe wanasema karibu hauhitaji hata kujua kuhesabu.

Tuseme wanaume na wanawake hesabu sawa, kila mtu amewapanga wa upande wa pili anavyowapenda. Daima inawezekana kuwaoza bila kubaki wawili wanaotamaniana kuliko walio nao. Namna gani? Kila mwanaume anachumbia wa kwanza kwenye orodha yake. Mwanamke anamshikilia bora kati ya waliokuja, bila kuahidi kitu, wengine anawakataa. Waliokataliwa wanaenda kwa anayefuata. Hakuna anayerudi kwenye mlango uliomfukuza, njo maana lazima iishe: kumi kwa kumi, posa hazipiti 100. Na kama kuna dada unayemtamani kuliko mke wako, basi ulishapita kwake, akakuacha kwa sababu ya mtu aliyempenda zaidi, na tangu pale hajashuka. Mambo yameisha! Mwanafunzi wa graduat anaweza kuieleza mu bus.

Lakini neno "imara" linadanganya. Furaha na Bahati wanatafuta staji. Furaha anapenda Butembo, Bahati Beni; Butembo inamtaka Bahati, Beni inamtaka Furaha. Wanafunzi wakianza kuomba, kila mmoja anapata alipopenda. Mashirika yakianza, kila mmoja anapata pa pili. Zote mbili ni imara! Gale na Shapley wanachagua upande wa wanafunzi, vizuri, ila hawakai pale, na miye ningetaka wakae. Maana Marekani, mpango wa kuwagawa madaktari wapya ulifuata njia ya namna hii tangu miaka ya 1950, hospitali ndizo zikiomba. Alvin Roth alionyesha hivyo 1984, na upande uligeuzwa 1998 tu. (Nobel ya uchumi ya 2012 ilienda kwa Shapley na Roth, Gale alikuwa amekufa 2008.)

Tena makala inadhani kila mtu ana orodha. Miye, mwaka wa kutafuta staji, orodha yangu ilikuwa na jina moja: pale mjomba alikuwa anatumika.