Kinyago Ndani ya Stempu

Stempu ni kikaratasi kidogo kuliko kiganja cha mtoto mchanga, lakini kazi yake si ndogo. Kwanza ni stakabadhi: aliyeibandika juu ya bahasha amekwisha kulipa gharama za barua yake. Pili ni uso wa dola. Kila serikali huchagua kwa uangalifu kitu itakachokitia ndani ya mraba ule, kwa kuwa kitu hicho kitafika hata pale asipofika balozi. Kwa hiyo picha ya stempu ni kauli, na kama kauli nyingine yoyote, yastahili kuhakikiwa.

Mataifa makubwa yalikwisha kuipa stempu heshima ya sanaa mpya. Mwaka 1961 Ufaransa ilitoa stempu zenye kazi za Cézanne, Matisse, Braque na La Fresnaye. Mwaka 1964 Marekani ilitoa stempu ya Stuart Davis, ambayo ndani yake hamna mtu wala mnyama, ila rangi na maumbo yaliyopangwa yapendeze yenyewe. Sanaa ya namna hii huitwa dhahania, maana haiigi umbo la kitu kinachojulikana. Humwachia mtazamaji kazi ya kutafuta.

Afrika ya Mashariki ilipitia njia nyingine. Katika stempu za mwaka 1960 zilizochorwa na Michael Goaman, ile ya senti tano ilikuwa na mkonge. Katika stempu za Tanzania za Desemba 1965 walionekana twiga, punda milia, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, na fuvu la Olduvai. Utamaduni ulipata nafasi yake katika stempu ya senti thelathini: ngoma, mkuki, ngao na kigoda. Hapana ubaya katika vitu hivyo. Lakini ni vitu vya jumba la makumbusho. Mtu aliyeipokea barua ile ughaibuni asingeweza kujua kwamba wakati huo huo, mjini Dar es Salaam, palikuwa na watu waliokaa chini ya miti na tezo na patasi mikononi, wakichonga mpingo kwa namna ambayo babu zao hawakuijua.

Stempu iliyoleta habari hiyo ilitoka baadaye, kwa ajili ya tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi lililofanyika Lagos. Zilitolewa nne pamoja, chini ya majina ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kenya iliwakilishwa na manyata ya Wamasai, Uganda na wacheza ngoma wake. Stempu ya shilingi mbili ikawa na kinyago cha Kimakonde, fungu la Tanzania. Hapana shaka hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini katika orodha za wakusanyaji stempu hiyo huitwa "sanamu ya Kimakonde", basi. Kabila limetajwa; mchongaji hakutajwa. Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kuanza.

Jina la Makonde lina makao yake. Newala imesimama ukingoni mwa uwanda wa juu, na mtu akiwa pale hulitazama bonde la Ruvuma likienea chini yake. Masasi iko chini ya uwanda huo, upande wa magharibi, kati ya vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja. Wenyeji wa nchi hiyo walikuwa na vinyago vyao tangu zamani, vya kuvaliwa usoni wakati wa ngoma za jando na unyago. Lakini vinyago vilivyojulikana duniani kwa majina ya shetani, ujamaa na mawingu havikuzaliwa katika ngoma hizo. Sehemu kubwa ni kazi ya Wamakonde waliotoka ng'ambo ya Ruvuma, katika uwanda wa Mueda, Msumbiji. Hao waliukimbia utawala wa Kireno na kuja Tanganyika kutafuta kazi, na wengi wao wakaipata katika mashamba ya mkonge. Mkonge ule ule wa stempu ya senti tano! Stempu moja ilionyesha jasho lao, na nyingine, miaka mingi baadaye, ikaonyesha sanaa yao. Na katika zote mbili wenyewe hawamo.

Majina yao yanajulikana. Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo wa shetani, mwishoni mwa miaka ya hamsini, alipokuwa akimchongea mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam. Clementi Ngala anatajwa kwa mtindo wa mawingu, ambao ndio dhahania kuliko yote: mpingo hupindwa, hutobolewa na kulainishwa hata ukawa kama moshi uliogandishwa, na jicho hupita katika matundu yake pasipo kupata mwanzo wala mwisho. Roberto Yakobo Sangwani alichonga mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenziwe, akauita mtindo huo *dimoongo*, yaani nguvu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kinyago kile kile cha watu waliobebana kikaitwa *ujamaa*. Jina jipya halikuwa la uongo, maana kubebana ni kubebana. Ila la kwanza lilikuwa la mchongaji, na la pili lilikuwa la siasa ya nchi.

Wako wanaodai kwamba udhahania huu ulizaliwa na soko la wageni: Mzungu alitaka maajabu, akatengenezewa maajabu. Dai hilo lina ukweli kidogo, kwani bila wanunuzi mchongaji asingekula. Lakini linausahau mti. Mpingo mara nyingi huwa na shina lililopinda, lenye mifereji na nyufa, na mara nyingine lenye uwazi moyoni. Mchongaji anayelazimisha sura ya mtu iliyonyooka hupoteza gogo. Anayelifuata gogo huongozwa kwenye maumbo yasiyo na jina. Soko lililipa, lakini halikumwonyesha patasi ipite wapi.

Yasemwa pia kwamba stempu ilikikosea kinyago kwa kukilaza bapa, hali kinyago ni kitu cha kuzungukwa na kushikwa. Hoja hii yaelekea kuwa na nguvu, lakini yapingwa na mwana wa nchi ile ile. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 katika wilaya ya Masasi na kufariki mwaka 2005, alianza na uchongaji, kisha katika miaka ya sabini, huko Nyumba ya Sanaa, akawahamishia mashetani katika picha za rangi. Walikuwa bapa kabisa, na walikuwa hai. Basi ubapa peke yake si kosa. Lilanga aliihamisha sanaa yake mwenyewe, kwa mkono wake na kwa jina lake. Kinyago cha stempu kilihamishwa na wengine.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika; majina matatu yaliyokuwa pamoja juu ya stempu yaliachana. Jina la nne, Msumbiji, lililopata uhuru miaka miwili tu kabla ya kuvunjika huko, halikuwamo tangu mwanzo, ingawa uchongaji huo ulivuka mto kutoka huko. Stempu ina kingo zake za meno, na nchi ina mipaka yake. Mti na fundi wake walikuwa pande zote mbili za Ruvuma.

Wahenga walisema kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Methali hiyo humwelekea mchongaji, lakini msomaji naye aweza kuichukua. Umbo la mawingu humtisha asiyejua lilitoka katika gogo gani, kwa mkono wa nani, na baada ya safari gani. Mwanafunzi atakayeishika stempu ile ya shilingi mbili na aisifu, kwa maana ilikitambua kitu kikubwa. Kisha pembeni yake, katika daftari lake, na aandike majina ambayo mraba ule haukuyapa nafasi.