Kwa Nini Hakuchoma?

Mlioutazama upasuaji ule mliona nilichokiona. Sakafu ya ventrikali ya tatu imetobolewa safi, kisha daktari akaanza kuitoa kamera. Hakuchoma! Mtoto wa miezi mitatu kutoka Nkunga, ana kichwa kikubwa na mgongo wazi, vishada vya koroidi vinatikisika vyekundu mbele ya lenzi, naye daktari anaomba uzi wa kushonea.

Kutoboa alitoboa vizuri.

Lakini tundu hufungua njia tu, na vishada ndivyo vinavyotengeneza sehemu kubwa ya maji yanayojaa kichwani. Hesabu ya jambo hili aliianika daktari Benjamin Warf mwaka 2005, kwa watoto 550 wa hospitali ya CURE, Mbale, Uganda. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47, kutoboa na kuchoma asilimia 66. Wenye mgongo wazi ilikuwa 35 kwa 76. Angekuwa wa miaka miwili nisingeandika neno, maana kwa umri huo tofauti haikuonekana. Huyu alikuwa wa miezi mitatu.

Najua nitakachojibiwa: kamera ni ngumu, haipindi. Nimelilalamikia hilo miaka yote, kununua kamera ngumu kisha kupelekewa watoto wachanga. Warf aliingia na kamera inayopinda upande wa kulia wa utosi, akatoboa ukuta wa kati, akachoma kulia na kushoto. Na Lespinasse wa Chicago, mwaka 1910, alichoma vishada vya watoto wawili kwa kifaa cha kuchungulia kibofu cha mkojo. Mmoja akaishi miaka mitano. Skrini hakuwa nayo.

Mrija wa kutolea maji kichwani, ile njia nyingine, siuchukii. Jaribio la Mbale lililotangazwa 2017, watoto 100, halikuona tofauti ya akili kati ya waliochomwa na waliowekewa mrija, baada ya mwaka mmoja. Ila mrija huziba. Ukiziba usiku wa masika, mama wa Nkunga atambeba mwanawe kwenye utelezi hadi Tukuyu, na hapo safari ya kumtafuta daktari wa ubongo ndiyo kwanza inaanza.

Juzi mama wa mtoto huyu alinionyesha kadi ya kliniki. Mzingo wa kichwa umepanda sentimita 4 ndani ya wiki nne, na chini yake pameandikwa tarehe ya kuwekewa mrija.