Kabla ya Kusadikika: Funzo la Tanga kwa Kijana Mwenye Mswada

Kijana wa miaka 16 au 17 anayemaliza kuandika riwaya yake ya kwanza huwa na swali moja: mswada huu niupeleke wapi? Kwa kijana wa Tanga, jibu bora liko nyumbani, katika njia aliyoipita mwana wa Vibambani, Shaaban Robert, hadi riwaya yake Kusadikika ikatoka mwaka 1951. Mwenyewe alizaliwa tarehe 1 Januari 1909, kwa hiyo wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka 42. Hata hivyo, ukiichambua njia hiyo hatua kwa hatua, utakuta kwamba karibu kila hatua inaweza kuanzwa na mtu ambaye bado yuko shuleni. Utaona pia ni hatua ipi ambayo vijana wetu wa leo wamenyimwa.

Tuanze na vipande vifupi. Shaaban alimaliza masomo Dar es Salaam mwaka 1926 akiwa na miaka 17, akaajiriwa ukarani katika Idara ya Forodha, kazi iliyompeleka Pangani na kwingineko. Wakati huo Idara ya Elimu ya Tanganyika ilikuwa ikitoa gazeti la kila mwezi, Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Katika miaka ya 1930 mashairi yake yakawa yanatoka humo. Gazeti lile lilikuwa shule kwa namna tatu. Nafasi yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo mwandishi alijifunza kukata. Mhariri aliweza kukataa, kwa hiyo mwandishi alijifunza kurudia kazi. Na washairi wa sehemu mbalimbali walijibizana kwa beti, kwa hiyo mwandishi alijua haraka kama amesomwa na kama ameeleweka.

Hatua ya pili ni vitabu vilivyotangulia riwaya. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kilichapa Pambo la Lugha katika mfululizo wake wa vitabu vya lugha za Kiafrika. Mwaka 1949 kampuni ya Nelson ya Uingereza ikatoa Maisha Yangu, na miaka 2 baadaye kampuni hiyohiyo ikatoa Kusadikika. Mpangilio huu una maana kubwa kiufundi. Mchapishaji anaponunua mswada anaweka fedha zake kwa mtu, na mtu asiyejulikana ni hatari kwake. Riwaya ilipofika mezani pa Nelson, jina la mwandishi halikuwa geni tena.

Hatua ya tatu ni msomaji wa mswada. Tangu mwaka 1930 ilikuwapo Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyosimamia Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja na kuipitia miswada ya vitabu vya shule. Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake, kwa sababu maneno mengi ya Mrima, Mvita na Pemba yaliachwa kando. Lakini ilimpa mwandishi kitu adimu: mtu wa kuusoma mswada wote kalamu mkononi na kuurudisha ukiwa na alama. Shaaban mwenyewe baadaye alikuwa mjumbe wa kamati hiyo, akakaa upande wa pili wa meza.

Hatua ya nne imo ndani ya kitabu chenyewe, na hapa ndipo kijana anapaswa kusoma kwa makini zaidi. Kusadikika ni kitabu kifupi. Hakifiki kurasa 100. Mhusika wake mkuu, Karama, anashtakiwa mbele ya mfalme, naye anajitetea kwa siku 6. Kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa upande mmoja: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni au ardhini. Kesi ni uzi, na hadithi 6 ni shanga zake. Mtu aliyezoea kutunga vipande vifupi hakujilazimisha kuandika kurasa 400. Alitafuta umbo ambalo ujuzi wake uliweza kulibeba. Umbo hilo lilimlinda pia. Mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyetaka kusema juu ya sheria na dhuluma aliiweka nchi yake ya kubuni angani, na ujumbe ukafika.

Miswada mingi ya vijana huanguka hapa. Kijana huanza na ukoo wa vizazi 3, wahusika 20 na miji 5, na kufikia sura ya 7 hajui nani yuko wapi. Kesi moja, safari moja au muhula mmoja wa shule vinatosha kubeba riwaya ya kwanza.

Njia hii haikuwa bahati ya mtu mmoja. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa mhariri wa magazeti kabla ya Mzimu wa Watu wa Kale kushinda shindano la hadithi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957 hadi 1958. Kitabu kilitoka mwaka 1960. Tanga yenyewe ilikuwa na mitambo ya uchapaji mapema zaidi. Kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Habari za Wakilindi, kilichapwa na misheni ya Magila, Muheza, sehemu kwa sehemu. Mwaka 1904 shule ya serikali ya Tanga ilianza kutoa gazeti la Kiongozi kutoka karakana yake ya uchapaji. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, shule ya mji huu ilikuwa na gazeti na mtambo wake.

Leo sehemu ya mwisho ya njia imeboreshwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023. Tuzo ya Fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Hizi ni milango halisi, na kijana asome masharti yake ya mwaka husika neno kwa neno.

Ajue na haki zake. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yake inalindwa tangu anapoiandika. Akiwa chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, kwa hiyo mkataba usomwe na usainiwe pamoja na mzazi au mlezi. Mkataba uonyeshe asilimia ya mrabaha, muda wa mkataba na haki za tafsiri na filamu. Mchapishaji hugharimia kitabu na kumlipa mwandishi. Anayemwomba kijana fedha ili atoe kitabu anauza huduma ya uchapaji, na aitwe mpigachapa.

Hata jina kubwa halimalizi kazi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Riwaya yake Kufikirika ilitoka mwaka 1967, na nyingine, Utubora Mkulima, mwaka 1968. Miswada hiyo ilitufikia kwa sababu ilihifadhiwa. Kijana aweke nakala zaidi ya moja, na mojawapo ikae nje ya simu yake.

Kilichokatika ni katikati ya njia: mahali pa kuchapisha kipande cha kurasa 3, na mtu mzima wa kukisoma kwa kalamu. Bila hivyo, kijana anaruka kutoka daftari hadi tuzo ya taifa, na anapokosa hajui alikosa wapi. Pengo hili halihitaji bajeti ya wizara. Shule yoyote ya sekondari kuanzia Mkinga hadi Pangani inaweza kutoa jarida la kurasa 8 kila muhula, na mwalimu mmoja wa Kiswahili akawa mhariri anayekataa kwa sababu zinazoelezwa. Walimu wa Tanga, anzeni na toleo moja muhula huu. Nawe kijana, kabla ya kuuliza pa kuupeleka mswada wako, toa sura moja, ikate hadi kurasa 3, na umpe mtu atakayekurudishia na alama.