Mizani ya Pamba

Mgeni akifika Mwanza, sisi wenyeji humpeleka pale pale: Jiwe la Bismarck apige picha, Kisiwa cha Saanane aone wanyama, kisha, akiwa na nafasi, Bujora kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement, Mkanada. Sina ugomvi na ziara hiyo. Mwenyewe nimeiongoza mara nyingi. Lakini jiwe halikuujenga mji huu. Mji ulijengwa na pamba, na reli iliyofika kutoka Tabora mwaka 1928, na meli. Hayo mgeni haambiwi, na mtoto wa Igoma naye aghalabu haambiwi.

Nilikulia jirani na kiwanda cha kuchambua pamba. Nakumbuka mngurumo wake wakati wa msimu, vumbi jeupe juu ya miembe, na baba mkubwa akirudi na mkokoteni mtupu, akihesabu fedha chini ya mti kabla hajaingia nyumbani. Miaka michache iliyopita nilipita pale. Mashine zilikuwa zimekatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, kuta zimebaki. Nikaonyeshwa mahali patakapokuwa na baa na vyumba vya wageni, nikaambiwa kwa fahari kwamba jengo "litahifadhiwa". Nikauliza mizani iko wapi. Hakuna aliyeelewa kwa nini nauliza.

Niliuliza kwa sababu siasa ya Kanda ya Ziwa ilipita juu ya mizani. Wakulima walilalamika kwamba wanunuzi wanawapunja katika kupima, na malalamiko hayo yalisaidia sana kuzaa vyama vya ushirika vya miaka ya 1950, na shirikisho lao la mwaka 1955, Victoria Federation of Cooperative Unions, lililoongozwa na Paul Bomani. Kabla ya uhuru, wakulima hao hao walikwisha anza kumiliki viwanda vya kuchambua. Baadaye ikaja Nyanza. Vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, kisha vikarudishwa. Sasa, msomaji wangu, ukihifadhi ukuta ukatupa mizani, umehifadhi nini? Kivuli cha kunywea bia.

Sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863; ya baadaye hungoja Waziri ayatangaze. Speke aliliona ziwa hili mwaka 1858! Maana yake ni kwamba karibu kila tofali na kila gurudumu la chuma katika mwambao wetu ni kitu kipya mno kustahili heshima.

Huulizwa: nani atalipa kiingilio aone mashine iliyokufa? Kule Essen, Ujerumani, mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein ulifungwa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa katika Urithi wa Dunia. Mfano huo nautaja kwa tahadhari, kwani fedha za Wajerumani si zetu. Tutazame jirani: Nairobi ina makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Na hapa hapa bandarini tunayo MV Victoria, meli iliyoanza safari mwaka 1961, ikasimama, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. (Jina la zamani lilitosha.) Injini ni mpya, na mhifadhi mkali atanuna. Mimi sinuni: inabeba watu na mizigo kwenda Bukoba, na chuma kinachofanya kazi hakiuzwi kwa kilo.

Kiwandani kwetu ingetosha kubakiza mashine moja, mizani, na robota moja la pamba, halafu baa ijengwe kando yake, sina kinyongo. Na walipwe wazee wanaojua kazi. Mmoja wao, aliyekuwa mwendesha mashine, alinisindikiza hadi barabarani. Kwa viganja viwili alinionyesha jinsi kisu kilivyokaa juu ya rola, na jinsi alivyojua kwa sikio tu kwamba kimelegea. Nikamwuliza kama wenye mradi wamewahi kumwita. Akasema ndiyo, mara moja, awaonyeshe bomba la maji lilikopita.