Wavu wa Mbao wa Horace King

Ukiingia ndani ya daraja la Red Oak Creek, karibu na mji mdogo wa Woodbury katika jimbo la Georgia, Marekani, utatafuta nguzo na hutaiona. Kwa nje ni ghala refu lenye paa, limezibwa mbao pembeni na kuachwa wazi ncha zote mbili. Kwa ndani, kila ukuta ni mbao zilizolazwa mshazari, safu moja ikiegemea kulia na nyingine kushoto, zikipishana kutoka chini hadi juu kama ukili wa jamvi. Kila zinapopishana zimetobolewa zikafungwa kwa pini za mti, na pini zote pamoja ni kama 2,500. Hakuna ubao uliomzidi mwenzake kwa ukubwa, wala pahali pa kunyooshea kidole ukasema uzito umekaa hapa.

Daraja hili la miaka ya 1840 linahesabiwa kuwa kazi ya Horace King, aliyezaliwa mtumwa South Carolina mwaka 1807 na kufa mtu huru mjini LaGrange, Georgia, mwaka 1885. Katikati ya tarehe hizo alivusha watu, farasi na marobota ya pamba juu ya mito ya Georgia, Alabama na Mississippi, akifanya kazi zaidi katika miji midogo ya kando ya mito. Wanaoandika habari zake huanza na utumwa na kumaliza na ubunge, na madaraja yanabaki kuwa pambo la hadithi. Nadhani tumeyapunja. Tuanze na mbao.

Umbo lenyewe halikuwa lake. Lilibuniwa na Ithiel Town, msanifu majengo wa Connecticut, aliyelikatia hataza mwaka 1820 na kutoza dola moja kwa kila futi ya daraja lililojengwa kwa mtindo wake. Town alikusudia kupunguza ufundi. Madaraja ya mbao yaliyomtangulia yalidai magogo manene yaliyochongwa kwa mkono, na viungo vya ulimi na tundu ambavyo seremala wa kawaida hakuviweza. Yeye alitaka mbao za kawaida kutoka kinu cha kupasulia magogo, zenye unene wa inchi 3 hivi. Zipishanishe, zitoboe, zipigilie pini. Mwenye msumeno na keekee anatosha. Mto ukiwa mpana zaidi, unaongeza mbao zile zile.

Sasa mhakiki atauonaje mkono wa fundi katika umbo lililobuniwa ili mkono wa fundi usihitajike? Kwa seremala wa viungo swali ni jepesi, maana alama za patasi zinajisemea. Hapa kila ubao ni ndugu wa mwenziwe. Hata ukioza unatolewa na kuwekwa mwingine huku daraja limesimama, na ukuta hauonyeshi kovu.

Jibu langu ni kwamba Town hakuufuta ufundi. Aliuhamisha kutoka kwenye kuchonga akaupeleka kwenye kupima. Kenchi ya aina hii inarudia kitu kimoja mara mamia, na kwa hiyo kosa nalo hurudiwa mara mamia. Tundu likipotoka kidogo, pini haikazi. Pini zisipokaza, kila njiapanda ya mbao inacheza kidogo. Na michezo hiyo midogo ikijumlishwa kwa urefu wa futi mia na zaidi, daraja linalegea tumbo. Wembamba wa mbao nao una hila zake. Ubao unaovutwa hauna shida, lakini unaobanwa hutaka kupinda kwa pembeni, na ukuta mzima huweza kulala upande mmoja. Town mwenyewe aliliona hilo, akakata hataza ya pili mwaka 1835 kwa ukuta wenye wavu mara mbili.

Kisha kuna mwisho wa daraja. Umbo la kujirudia halina mwisho wake lenyewe, ni mto unaolikatiza. Pale ukingoni mbao za mshazari hukatwa, na uzito uliokuwa umegawanywa kwa mamia ya pini unashuka wote kwenye kiti kimoja cha mawe. Hataza haikumwambia mtu achimbe wapi, mwamba uko kina gani, wala maji ya masika yatapanda hadi wapi. Hapo ndipo King alipojulikana, na wenye fedha wakaanza kumtafuta yeye kwa jina lake.

Mwaka 1832 mwenye kumiliki King, mkandarasi John Godwin, alihamia Girard, Alabama, ng'ambo ya mji mpya wa Columbus, Georgia, ili kujenga daraja juu ya mto Chattahoochee. Lilimalizika mwaka uliofuata, urefu wake karibu futi 900. Kabla ya miaka kumi kwisha, wawili hao walikuwa wamejenga pia madaraja ya West Point na Eufaula, juu ya mto huo huo. Mafuriko ya 1841 yaliizoa kazi ya Columbus, wakaijenga upya. Na katikati ya harakati hizo, mwaka 1837, Godwin alimhamishia King katika umiliki wa mkewe na mjomba wa mkewe. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba biashara ilikuwa inayumba na wadai wangeweza kumkamata King kama wanavyokamata ng'ombe. Msimamizi wa kazi, aliyetegemewa na kila mkataba, alikuwa pia mali inayofichwa ili isifilisiwe.

Aliachwa huru mwaka 1846, na ilihitajika sheria ya bunge la Alabama kufanya hivyo. Robert Jemison wa Tuscaloosa, tajiri na mwanasiasa aliyekuwa akimtumia King katika miradi yake, aliisukuma ipite. Aliyeachwa huru Alabama alitakiwa kuhama jimbo. King aliruhusiwa kubaki. Sioni huruma nyingi katika ruhusa hiyo. Mito ilikuwa bado inasubiri madaraja, na Jemison alijua hesabu.

Kazi ya King inayosifiwa kuliko zote ni ngazi mbili za mzunguko katika jengo la serikali ya Alabama, Montgomery, lililojengwa upya 1850 na 1851 baada ya moto. Zinapanda orofa kwa orofa bila nguzo ya katikati, na wageni huambiwa kwamba zinaelea. Hazielei hewani. Katika ngazi za aina hii kila kidato kinaingia ukutani kwa upande mmoja na kukaa juu ya kidato kilicho chini yake, huku ubao uliopindwa ukifunga ukingo wa ndani, kisha lipu na rangi vinafunika siri yote. Ni nzuri, sikatai. Mkono wa ngazi unapinda bila kigugumizi hata kidogo. Lakini ni uzuri wa kuficha, unaomtaka mtazamaji ashangae asielewe. Daraja linafanya kinyume chake: mpita njia anatembea ndani ya mifupa yake, na kama ana subira ya dakika chache anaweza kufuata uzito wa gari kutoka ubao hadi ubao mpaka kwenye jiwe. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi. Ngazi zina bahati ya historia tu: Februari 1861 Jefferson Davis aliapishwa mbele ya jengo hilo kuwa rais wa majimbo yaliyopigania utumwa, na kuanzia 1868 King mwenyewe alikuwa mjumbe wa baraza la wawakilishi la Alabama.

Godwin alipofariki 1859, King alisimamisha jiwe juu ya kaburi lake. Wengi wamelitumia jiwe hilo kuthibitisha kwamba utumwa ulikuwa na upole wake. Lakini angalia lilivyopangwa. Maandishi yanamtaja aliyeliweka, Horace King, kwa jina kamili. Marehemu anaitwa rafiki kabla ya kuitwa bwana wa zamani. Shukrani imo, sidhani ni ya uongo. Ila mtoa shukrani amejitaja kwa jina lake, na gharama ni yake.

Kwa miaka yote hiyo wavu wa mbao wenyewe haukubadilika sana mikononi mwake, na anayetaka kumwona akibuni maumbo mapya atakata tamaa. Kilichobadilika ni pahali aliposimama ndani ya mkataba. Kule Columbus alikuwa kitu kilichoorodheshwa pamoja na vifaa. Kwa Jemison alikuwa fundi wa kulipwa. Katikati ya miaka ya 1850, katika daraja la Moore lililokuwa juu ya Chattahoochee kati ya Newnan na Carrollton, alikubali kulipwa hisa badala ya fedha, akahamishia familia yake hapo. Mkewe Frances, aliyekuwa mwanamke huru alipoolewa naye mwaka 1839, alikusanya ushuru wa wavukaji. Mbao zile zile na pini zile zile sasa zilikuwa zinaingiza pesa kila gari lilipopita, hata siku ambazo fundi alikuwa mbali kwenye mto mwingine.

Wapanda farasi wa jeshi la Kaskazini walilichoma daraja hilo la Moore Julai 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita vilipokwisha, madaraja yaliyoungua yalikuwa mengi na waliojua kuyarudisha walikuwa wachache. King aliyarudisha pamoja na wanawe, ambao baadaye waliendesha kampuni yao ya madaraja kwa jina la familia.